Planetaria ni nini, na ikiwa Tanga, inapaswa kuonyesha anga lipi

Planetaria ni ukumbi wa giza wenye paa la kuba, ambamo projekta humulika sura ya anga juu ya vichwa vya watazamaji. Hakuna darubini humo. Kinachoonekana ni picha iliyokokotolewa kwa mahali, tarehe na saa fulani, kwa hiyo mawingu ya masika hayazuii onyesho, na nyota zinaweza kuonyeshwa hata saa nne asubuhi. Projekta ya kwanza ya namna hii, kazi ya mhandisi Walther Bauersfeld wa kampuni ya Zeiss, ilionyeshwa München, Ujerumani, mwaka 1923.

Ipo pia ya kuhamishika: kuba la kitambaa linalojazwa upepo kwa feni. Hilo laweza kusimamishwa hata katika ukumbi wa shule pale Tanga mjini. Kuba la kipenyo cha mita 5 huhitaji kimo cha mita 3 na nusu hivi, na kipimo kiishie kwenye panga boi, si darini. Hapo ndipo kitambaa hukwama. Projekta iliyotoka kwenye gari lenye kiyoyozi hufanya ukungu kwenye lenzi kwa unyevu wa Pwani, hivyo iachwe kwanza ipate joto la ukumbi. Feni haizimwi onyesho likiendelea. Umeme ukikatika kuba hunywea polepole: mtu mmoja ainue kitambaa mlangoni, wengine watoke bila kusukumana.

Lakini kosa kubwa huwa kwenye programu. Mara nyingi mahali palipowekwa ni kwingine kabisa, na watoto wa Tanga wanafundishwa anga la watu wengine. Katika programu kama Stellarium, ambayo ni ya bure, weka nyuzi 5 kusini na nyuzi 39 mashariki, kwa saa za Afrika Mashariki. Saa mbili usiku iandikwe 20:00. Ukiandika 2:00 utapata anga la saa nane za usiku.

Ukiwa mtazamaji, omba uonyeshwe Nyota ya Kaskazini. Ikiwa inang'aa juu, anga hilo si letu, maana kwa Tanga iko chini ya upeo. Geukia kusini: ncha ambayo nyota zote huizunguka iko nyuzi 5 tu juu ya upeo, yaani nusu ya upana wa ngumi ukinyoosha mkono. Mashariki, nyota zichomoze karibu wima.

Kisha omba Kilimia, kile kishada kidogo cha nyota. Mwendeshaji aweke jioni ya tarehe 1 Aprili, saa moja na nusu usiku, asogeze siku moja moja. Kilimia kitashuka magharibi kila jioni, na mwanzoni mwa Mei, mvua zikiendelea, kitamezwa na mwanga wa machweo. Abadilishe saa iwe kumi na moja alfajiri: mwezi Juni kinazuka mashariki, masika yamekwisha. Ndivyo wazee walivyosema, Kilimia kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Nje, jambo hilo huchukua wiki nyingi za kutazama; chini ya kuba, dakika chache. Mwendeshaji asikimbize tu, kwa sababu anga likizunguka kasi watu hushikwa na kizunguzungu. Ukikipata, fumba macho mpaka picha itulie.