Babu yupi? Kilimo hai cha korosho sio kuacha shamba lijiendee

Wiki iliyopita nimesikia tena. Mkutano wa AMCOS, chama chetu cha ushirika cha wakulima, tumekaa chini ya mwembe, mi nimekwenda kuwaomba wanachama waisukume hoja ya kilimo hai, yaani kulima bila kemikali za kiwandani, iingie kwenye bajeti ya halmashauri, hata sijafika mbali mzee mmoja kanyoosha mkono: "Mwanangu, korosho zetu sisi ni hai tangu enzi za babu zetu, mbolea ya dukani hatuijui, sasa hizo hela mnataka mkafanyie nini?" Makofi. Diwani akatikisa kichwa kukubali, hoja ikafia palepale, na kwa kweli mzee alikuwa na mantiki yake, manake kama kilimo hai ni kutoweka kitu basi hamna cha kuombea hela.

Ndo maana hii imani inaniuma kuliko zote. Haiharibu shamba tu, inaua sera. Nafanya ukaguzi wa ndani wa cheti cha kilimo hai kwa vikundi vya wakulima wa korosho huku Newala na Tandahimba, mkoani Mtwara, mwaka wa tisa sasa, na hiyo kauli nimeijibu shambani, msibani, nyuma ya bodaboda. Leo naandika yote, ili akiniuliza mtu tena namtumia linki.

Tuanze na huyo babu. Ni kweli msimu wa 1973/74 Tanzania ilikusanya korosho kama tani 145,000 na hakukuwa na mtu aliyebeba bomba la salfa mgongoni. Ila babu hakuwa na ubwiriunga, ule ukungu mweupe wa maua tunaoupulizia salfa! Huo ugonjwa ulianza kuripotiwa kwetu 1979, na kufika 1986/87 nchi nzima ilikuwa imeporomoka mpaka tani 16,000 na ushee. Sio ubwiriunga peke yake, najua, Operesheni Vijiji, ile ya kuwahamishia watu kwenye vijiji vya ujamaa, iliwaweka watu mbali na mikorosho yao, bei nayo ilikuwa ya kukatisha tamaa, mashamba yakageuka pori. Lakini muulize yeyote aliyekuwa mtu mzima miaka ile alivyoona maua yakikauka Julai mti mzima. Kwa hiyo ukiniambia turudi kwa babu nakuuliza, babu yupi, wa 1973 au wa 1986?

Salfa sasa, na hapa nitakaa sana.

Watu wamegawanyika pande mbili. Upande mmoja unasema salfa ni kemikali kwa hiyo ukiipuliza umetoka kwenye kilimo hai. Upande wa pili unasema salfa ni ya asili, inatoka ardhini, kwa hiyo mwaga tu. Wote wamekosea, na wote wamenichosha.

Salfa ya unga, ile ya njano ya mfuko wa kilo 25, ni madini, na kanuni za kilimo hai za Ulaya zinairuhusu, Codex, viwango vya chakula vya kimataifa, nayo hivyohivyo. Kisichoruhusiwa ni zile dawa za maji zilizotengenezwa kiwandani, za ubwiriunga na za wadudu. Hapo ndo mkulima anapochanganywa, na hachanganywi na ujinga wake, anachanganywa na mfumo, manake vyote vinakuja kama ruzuku, vinapokelewa ghala lilelile na vinagawiwa siku ileile.

Kuna mama mmoja ana mikorosho kama sitini hivi, nilienda kumkagua mwezi wa nane. Shamba safi, limepogolewa vizuri, daftari limeandikwa tarehe zote. Nikaenda kwenye banda la kuku nikakuta chombo cha maji cha vifaranga ni chupa ya plastiki iliyokatwa nusu, lebo imebaki upande mmoja. Nikaigeuza. Dawa ya maji, ile inayokatazwa kabisa. Kwanza nikamwambia aitoe kwa kuku pale pale. Afu nikamuuliza imetoka wapi, akanijibu bila hofu yoyote, "Kaka, si serikali yenyewe imetugawia bure? Ningeiacha ioze ndani?" Mwanae alipulizia mara moja tu, kwenye mistari miwili ya mwisho. Mara moja inatosha. Kwa korosho inayokwenda Ulaya mmea wa kudumu unahitaji miaka mitatu kabla ya mavuno ya kwanza kuhesabika kuwa hai, na yeye ile miaka ilianza upya. Mi ndo nilijaza fomu, na sikumlaumu mpaka leo.

Narudi kwenye "ni ya asili, mwaga tu". Pendekezo ambalo wengi tumelikuta ni gramu 250 kwa mti kwa mpulizo mmoja, mpaka mipulizo minne mitano kwa msimu. Piga hesabu, hiyo inafika kilo na robo kwa mti kila mwaka, na sehemu kubwa haibaki kwenye ua, inadondoka chini. Ardhini salfa inageuka asidi, na udongo wetu wa uwanda wa Makonde ni mchanga mtupu, hauna nguvu ya kuizuia. Watafiti walilipima hili hukuhuku kusini miaka ya 1990 wakaona udongo wa chini ya mikorosho iliyopulizwa unachachuka. Kwa hiyo ndiyo, kanuni inaruhusu, cheti utapata, na hapo hapo shamba linaweza kuwa linachoka taratibu. Hili kwenye mafunzo hatulisemi kwa sauti. Mi mwenyewe nimeshawaambia mamia ya wakulima wapulize salfa, na usiku mwingine linanirudia kichwani, nimewasaidia au nimewahamishia tatizo kwenda kwa wajukuu zao?

Ninachofanya sasa ni kuwabana wapunguze mipulizo, na njia ya kupunguza ni kazi. Kazi hasa. Ubwiriunga haupotei msimu ukiisha, unajificha kwenye yale machipukizi mabichi yanayoota ndani ya mti na kwenye shina, kivulini. Usipoyakata kabla ya maua, Juni ikifika na ule ubaridi wa asubuhi ugonjwa unatokea nyumbani kwako mwenyewe. Ukipogoa mti ukapitisha jua na upepo, ukakata machipukizi yote, ugonjwa unachelewa, na kila wiki unayochelewesha ni salfa iliyobaki kwenye mfuko. Ukipanda upya chukua miche ya vikonyo, yaani ya kubebeshwa, iliyochaguliwa na kituo cha utafiti cha Naliendele, ipo inayostahimili kuliko mbegu uliyookota. Na ukipuliza, puliza alfajiri umande ukiwa bado kwenye ua na kusi haijaamka, sio saa nne unga unaishia kwa jirani.

Majani nayo! Kila mwaka watu wanafagia chini ya mikorosho ili korosho zionekane, sawa, afu wanachoma. Huku hatuna ng'ombe wengi, samadi ya kumwaga shamba zima haipo, mbolea pekee uliyonayo ni hayo majani na hayo mabibo, matunda ya mkorosho, yanayooza, na ndo unaitia kiberiti. Rundika pembeni, changanya na majivu ya jikoni, rudisha chini ya mti mvua zikikaribia. Inapunguza na ule uchachu niliousema. Na usiniambie hiyo haihitaji hela, toroli ni hela, kibarua ni hela.

Maji moto nitawasema haraka. Hao chungu wekundu wanaoshona majani wakafanya kiota ni askari wako dhidi ya mbu wa mikorosho, yule anayefyonza machipukizi mpaka yanakauka meusi. Mti wenye viota hai unaujua kwa kuutazama tu. Korosho tunaokota chini, hatupandi kuchuma, kwa hiyo wakikung'ata kidogo wakati wa kupogoa vumilia. Ukipiga dawa ya wadudu umemuua mbu na umeua askari, mwaka unaofuata mbu anarudi peke yake.

Sasa sera, kwa sababu hivyo vyote mkulima mmoja mmoja hawezi.

Hatuanzi sifuri. Kiwango cha kilimo hai cha Afrika Mashariki kipo tangu 2007, na alama yake ya Kilimohai. Novemba 2023 serikali ilizindua mkakati wa taifa wa kilimo ikolojia hai, unaokwenda mpaka 2030, nimeusoma na nimeufurahia kwa dhati. Lakini mkakati wa Dodoma unatakiwa ushuke hapa, na hapa penye shida ni sehemu mbili, daftari la ruzuku na ghala.

Daftari la ruzuku linajua una mikorosho mingapi. Halijui unalima vipi. Aliyesajiliwa kilimo hai apewe chake, salfa kiasi, miche, chokaa ya kilimo, msumeno wa kupogolea, na thamani ya zile dawa za maji asizochukua igeuzwe iwe hivyo. Hatuombi zaidi ya jirani yake, tunaomba kilekile kwa sura nyingine. Na jirani mwenyewe aingie kwenye mpango, manake kusi ikivuma Julai dawa ya wa kusini inatua kwa wa kaskazini, na mpaka wa mita chache za minanasi hauizuii.

Ghalani ndo pagumu zaidi. Mi sio adui wa stakabadhi ghalani, mfumo wa kukusanya korosho ghalani na kuziuza kwa mnada, tangu ianze na korosho 2007/08 imetuondolea kangomba, wale walanguzi wa mitaani, kwa kiasi kikubwa na sitaki irudi nyuma. Ila ghala linagawa korosho kwa daraja la kwanza na la pili basi. Korosho hai ya yule mama ikiingia bila rundo lake na namba yake inamwagwa na nyingine, ikipandishwa mnadani ni korosho kama korosho, bei moja. Tunataka rundo lake, gunia lenye alama, na mnada wake. Halafu kanuni mpya ya Ulaya, ile 2018/848, inataka kikundi kiwe na usajili wake kisheria, kisizidi wanachama 2,000, na wote wawe wa kilimo hai, kwa hiyo AMCOS yenye mchanganyiko haiwezi kubeba cheti yenyewe. Inabidi vikundi visajiliwe ndani ya kijiji kilekile, na gharama hiyo mkulima wa ekari mbili haiwezi. Halmashauri inakata ushuru wa mazao asilimia 3 kwenye kila kilo. Sehemu ya huo ushuru ndo niliyokuwa naiomba chini ya mwembe.

Nikiri lingine. Mwenye ekari mbili na madeni ya ada siku hizi simwambii tena aingie. Namwambia asubiri, manake miaka mitatu ya kazi ya ziada kwa bei ileile ya kila mtu sio kitu cha kumshauri mtu unayemheshimu. Ghala likitenganishwa nitarudi mlangoni kwake siku hiyohiyo.

Yule mama hakujitoa. Miaka yake mitatu inaisha msimu ujao, na machipukizi anakata mwenyewe kwa panga la mumewe. Pembejeo zikianza kugawiwa jina lake litaitwa tena, atapewa salfa, na atapewa na ile chupa.