Mtoto anapolipuka, tafuta kinachomuuma kwanza

Wazazi wengi wanaomleta kliniki ya afya ya akili mtoto mwenye usonji (autism) au ulemavu wa akili hawaji kwa ajili ya hali yenyewe. Hiyo wameishi nayo miaka. Wanakuja kwa sababu juzi alimng'ata mdogo wake hadi damu ikatoka, au alijigonga kichwa ukutani mpaka paji likavimba, au alivunja vioo na majirani wakajaa uani wakisema amepandwa na mapepo. Wanafika wamechoka, na swali lao ni moja: kuna dawa ya kumtuliza?

Dawa zipo, nitazifikia. Lakini kabla ya dawa sisi wahudumu wa kliniki huwa na swali letu, na ningependa kila mlezi, mwalimu na jirani alizoee: mtoto huyu anaumwa wapi?

Mtoto asiyezungumza hana namna ya kusema "mama, jino". Jino lililotoboka, sikio lenye usaha, maambukizi ya njia ya mkojo, malaria inayoanza, tumbo la hedhi kwa binti aliyevunja ungo karibuni, vyote hivyo vinaweza kumfikia mlezi kwa sura ya fujo. Choo kigumu ndicho kinachosahaulika zaidi. Watoto wengi wenye usonji huchagua sana chakula; mmoja hali ila wali mkavu, mwingine chipsi tu, mboga haigusi na maji anayakataa. Siku ya nne au ya tano bila choo tumbo limejaa, linakata, naye anajipiga. Mkimpa sindano ya usingizi atalala, na akiamka tumbo liko palepale.

Angalieni ishara. Anajigonga sikio la upande uleule kila mara? Amekataa chakula alichokuwa akikipenda? Fujo zinakuja baada ya kula, au anapokwenda haja? Anaamka usiku akilia? Mtoto aliyekuwa ametulia akibadilika ndani ya siku chache, achunguzwe mwili kwanza. Mpelekeni kituo cha afya, ombeni akaguliwe meno, masikio, koo na tumbo, apimwe joto, mkojo na malaria. Mkijibiwa kwamba "watoto hawa ndivyo walivyo", msiondoke. Ombeni tena, kwa upole, mpaka akaguliwe. Hiyo ni haki yake.

Kifafa nacho kinahitaji jicho la pekee, kwa sababu watoto hawa hukipata zaidi kuliko watoto wengine. Baada ya degedege mtoto anaweza kuzinduka akiwa hajitambui vizuri, akasukuma na kupiga bila kujua anampiga nani. Tena fenobabitoni, dawa ya kifafa ya bei nafuu iliyozoeleka sana kwetu, kwa baadhi ya watoto huleta utukutu na hasira. Ukiona hasira zimeanza baada ya kuanzishiwa dawa hiyo, rudi kwa daktari upesi. Usiikatishe mwenyewe, maana kuacha ghafla kunaweza kuleta degedege lisilokoma.

Maumivu yakishaondolewa, hubaki hofu, kelele, usingizi mchache na mabadiliko ambayo mtoto hakuandaliwa. Maspika ya harusi mtaa wa pili, mvua juu ya bati, daladala iliyojaa, umeme kukatika katuni ikiwa katikati, mgeni kulala kwenye kitanda chake. Sisi wengine hivi tunavivumilia bila hata kuviona. Chukueni daftari la kawaida, kwa wiki mbili andikeni siku na saa, kilichotokea kabla, alichofanya, na kilichofuata. Msiruke hicho cha mwisho. Kama kila akipiga kelele mnaacha kumwogesha, amejifunza kwamba kelele inafanya kazi, na ana akili ya kutosha kuirudia. Mpeni njia nyingine ya kusema jambo hilohilo: ishara ya mkono ya "basi", picha ya choo, picha ya maji, kugusa sehemu inayouma. Kisha akiitumia muiheshimu papo hapo, hata kama wakati haufai, la sivyo atarudia kelele.

Sasa saa yenyewe ya mlipuko. Mtoto akishafika kileleni hafundishiki. Hasikii mahubiri, na vitisho vinamwongezea hofu. Kiboko hapo kinafundisha jambo moja tu, kwamba mkubwa akikasirika hupiga. Kinachosaidia ni kupunguza kila kitu: watu, sauti, maneno. Watoto wengine watolewe kwanza, kisha jiko la mkaa, kisu, chupa na sufuria ya moto. Zimeni redio. Abaki mtu mmoja anayemzoea, asimame kando badala ya kumkabili uso kwa uso, mlango ukiwa wazi, aseme maneno machache yaleyale kwa sauti ya chini: "Niko hapa. Uko salama." Halafu anyamaze. Majirani waliokusanyika waombwe kwa heshima waondoke. Kundi la watu wanaotazama, wengine wakirekodi kwa simu, huongeza moto. Akijigonga kichwa, tia mto au mkono wako uliozungushiwa khanga kati ya kichwa chake na ukuta.

Kumshika kwa nguvu ni kwa hatari ya papo hapo tu, kama anakimbilia barabarani au kisimani, na kwa muda mfupi kabisa. Asilazwe kifudifudi. Mtu asimkalie mgongoni, wala kumkandamiza kifua au shingo. Mtoto aliyebanwa hivyo hushindwa kupumua, na kunyamaza kwake kunaweza kudhaniwa ni kutulia. Mwaka 1998 gazeti la Hartford Courant la Marekani lilikusanya taarifa za vifo 142 vya wagonjwa waliofungwa au kukandamizwa hospitalini na katika vituo vya malezi ndani ya miaka kumi; zaidi ya robo walikuwa watoto. Hao walikuwa mikononi mwa watu walioajiriwa kuwatunza.

Kuhusu kamba na mlango wa kufuli. Wengi wanaomfunga mtoto ni mama aliye peke yake, anayekwenda sokoni kutafuta riziki na hana wa kumwachia. Sina hamu ya kumhukumu. Hata hivyo kamba inakata ngozi, inadumaza misuli, na moto ukitokea hakuna wa kumfungua. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 hapa Tanzania inakataza mateso na adhabu za kikatili kwa mtoto. Afisa ustawi wa jamii wa halmashauri anapaswa kujua hali ya nyumba hiyo kabla kamba haijanunuliwa, na shangazi, mjomba au jirani anayejitolea kukaa na mtoto saa mbili kila Jumamosi anafanya kazi kubwa kuliko anavyofikiri.

Kwa kijana mwenye ugonjwa wa akili mambo hubadilika kidogo. Anayesikia sauti usibishane naye kwamba hazipo, wala usijifanye unazisikia. Mwambie unaona anaogopa na hutamwacha. Anayesema amechoka kuishi, muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumpandikizii wazo. Ondoa nyumbani dawa za shambani, sumu ya panya na vidonge, asiachwe peke yake, na afikishwe hospitali siku hiyohiyo.

Dawa, basi. Risperidoni inapunguza hasira kali na kujiumiza kwa baadhi ya watoto wenye usonji. Nchini Marekani dawa hiyo iliidhinishwa kwa kazi hiyo mwaka 2006, kwa umri wa miaka 5 hadi 16. Huongeza uzito na hamu ya kula, kwa hiyo mtoto apimwe uzito kila akija kliniki. Haloperidoli, inayotumika sana hospitali zetu, inaweza kukakamaza shingo, kupandisha macho juu na kuutoa ulimi nje. Familia nyingi zikiona hivyo hukimbilia kwa mganga wa kienyeji, kumbe ni athari ya dawa, na hospitalini inatibika upesi kwa sindano. Msiongeze dozi nyumbani kwa sababu usiku umekuwa mgumu, na msimpe mtoto dawa ya ndugu yake.

Degedege lililozidi dakika 5, kichwa kilichogongwa kikifuatiwa na kutapika au kusinzia kusiko kwa kawaida, kupumua kwa shida: hayo hayangoji kliniki, ni hospitali mara moja. Yasiyo ya dharura yaanzie kituo cha afya kilicho karibu, mwombe rufaa ya hospitali ya wilaya au ya mkoa, na mje na daftari lenu pamoja na pakiti za dawa zote anazotumia, za kienyeji zikiwemo. Anayejua mtoto aliyefungwa au anayepigwa apige 116, simu ya bure ya msaada kwa watoto inayofanya kazi Tanzania na Kenya.