Rekodi za mafao na mtafuta nasaba

Mtu anapoomba pensheni, malipo ya uzeeni, ya ulemavu au ya ujane, huacha karatasi serikalini. Karatasi hizo ndizo rekodi za mafao. Karani aliyezipokea alitaka kujua mambo mawili: anayeomba ndiye yeye, na anayejiita mjane aliolewa kweli? Pesa hazitoki bila ushahidi, na ushahidi wa undugu ndio anaouhangaikia mtu anayechimba ukoo wake.

Marekani ni mfano mzuri. Rais Franklin D. Roosevelt alitia saini Sheria ya Hifadhi ya Jamii Agosti 1935, na watu wakaanza kuandikishwa Novemba 1936 kupitia ofisi za posta. Fomu yao, SS-5, ni karatasi moja tu, lakini humo mna tarehe na mahali pa kuzaliwa, mwajiri, jina la baba, na jina la mama kabla hajaolewa. Hilo la mwisho ndilo lenye thamani kubwa, maana upande wa mama hupotea mara jina linapobadilika.

Wengi huishia kwenye orodha ya vifo ya mfuko huo wa Hifadhi ya Jamii wakidhani wamemaliza. Orodha haitaji wazazi, na vifo vingi vilivyomo ni vya kuanzia 1962. Kumkosa babu humo si ajabu. Tena wafanyakazi wa mashambani na wa majumbani waliachwa nje ya mfuko hadi miaka ya 1950, na wa reli walikuwa na mfuko wao.

Kwangu mimi, mafaili yenye uhai zaidi ni ya pensheni za Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya 1861–1865, yaliyoko Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka huko Washington. Ndoa za watumwa hazikutambuliwa kisheria, kwa hiyo mjane wa askari mweusi hakuwa na cheti cha kuonyesha. Ilibidi waitwe mashahidi: majirani, wakunga, askari waliotumikia pamoja na marehemu, wakati mwingine hata bwana aliyewahi kuwamiliki. Wakaeleza nani aliishi na nani, watoto walizaliwa lini, nani aliuzwa wapi. Maelezo ya namna hiyo ni nadra kuyapata kwingine. (Askari wa majimbo ya Kusini yaliyojitenga hawamo, pensheni zao zililipwa na majimbo.)

Umri, hata hivyo, usiuamini haraka. Mwenye kutafuta kazi alijipunguzia miaka, mwenye kutaka pensheni akajiongezea. Linganisha na sensa.

Ukiomba nakala ya SS-5, majina ya wazazi yanaweza kufutwa kwa wino mweusi iwapo hujathibitisha kwamba wamefariki, au kwamba walizaliwa zaidi ya miaka 120 iliyopita. Ambatisha vyeti vyao vya kifo na ombi lako la kwanza, usije ukalipia karatasi yenye mistari myeusi pale ulipotaka kusoma.