Unga wa uyoga na madai ya kuzuia uzee

Malalamiko tunayopokea kuhusu unga na vidonge vya uyoga wa dawa yanaongezeka, na mengi yanafanana: mtumiaji ameambiwa reishi au chaga, aina mbili za uyoga huo, "inasafisha seli", amemeza miezi kadhaa, na hajaona badiliko lolote.

Kwamba uyoga una antioksidanti, yaani kemikali zinazozima radikali huru (molekuli zinazoweza kudhuru seli), halina ubishi. Inayofuatiliwa zaidi ni ergothioneini, iliyogunduliwa mwaka 1909. Mwili hauitengenezi, lakini una protini ya kuiingiza kwenye seli. Hata hivyo, imo pia kwenye uyoga wa mboga, kama shitake, na moto wa jiko hauimalizi. Si lazima uitafute kwenye kopo.

Tatizo ni kuruka kutoka hapo hadi "inazuia uzee". Kinachozima radikali huru ndani ya bomba la maabara si lazima kifanye hivyo mwilini. Nchini Finland, utafiti wa wavuta sigara 29,133, uliochapishwa mwaka 1994, ulionyesha kuwa waliopewa beta-karotini, antioksidanti iliyosifiwa sana, walipata saratani ya mapafu zaidi, si pungufu. Jambo hili tunalirudia kila mwaka.

Soma lebo. Ikiandikwa "maiselia iliyooteshwa kwenye nafaka" (maiselia ni nyuzi za uyoga, kama mizizi yake), fahamu kwamba mara nyingi nafaka husagwa humo humo. Koroga kijiko cha unga kwenye maji, dondoshea tone la iodini: rangi ikigeuka ya bluu iliyokoza hadi nyeusi, humo mna wanga. Umenunua nafaka kwa bei ya dawa.

Chaga ina oksalati nyingi, kemikali inayoweza kuganda kwenye figo, na wapo walioharibikiwa figo baada ya kuitumia kwa wingi na kwa muda mrefu. Reishi inaweza kuongeza hatari ya kuvuja damu kwa anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda. Mwambie daktari unachomeza. "Ni ya asili" si jibu.

Unapolalamika, usitupe kopo. Hifadhi kilichobaki, lebo nzima, namba ya toleo, tarehe ya mwisho ya matumizi, risiti na tangazo lenyewe. Andika ulianza lini, ulitumia kiasi gani kwa siku, na dawa nyingine ulizokuwa unatumia. Bila namba ya toleo hatuwezi kufuatilia shehena, na muuzaji atasema si bidhaa yake. Bidhaa ya chakula inayodai kutibu huchukuliwa kama dawa isiyosajiliwa: huondolewa sokoni, na mhusika hukabiliwa na adhabu za kisheria. Barua isemayo tu "nimetapeliwa" haifunguliwi jalada.