Kabla ya kwaya kuungana, leteni hatimiliki

Kazi yangu hapa Malindi ni makaratasi ya makanisa: katiba, wadhamini, viwanja. Kusanyiko la Wagiriama na la wazungu waliohamia huku yakitaka kuwa kanisa moja ili yahudumie mji, mazungumzo huanzia kwenye lugha ya ibada na nani atahubiri. Hayo yana dawa. Mimi huomba hatimiliki.

Mara nyingi hati ina majina ya wazee watatu. Wawili wamekwisha zikwa, wa tatu yuko kwa mwanawe Nairobi. Nani atatia sahihi? Tena Ibara ya 65 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inasema asiye raia hapati ardhi ila kwa kukodi, muda usiozidi miaka 99, na mali iliyo mikononi mwa wadhamini huhesabiwa ya raia pale tu wanufaika wote wanapokuwa raia. Kiwanja ambacho akina mama walikinunua kwa harambee kisiguswe kabla wakili hajalijibu hilo kwa maandishi.

Halafu kuna Sheria ya Vyama (Societies Act), ambayo si ya vyama vya siasa. Kanisa lililosajiliwa chini yake haliwezi kubadili jina, kurekebisha katiba wala kujivunja bila idhini ya maandishi ya Msajili. Pasta akitangaza muungano madhabahuni, vigelegele ni vyake, ila kisheria hakuna kilichotokea.

Anayeona huu ni urasimu tu aangalie Afrika Kusini. Mwaka 1994 makanisa mawili yaliyotengwa kwa rangi, moja la machotara na jingine la Waafrika, yaliungana na kuwa Uniting Reformed Church in Southern Africa, likishika Ungamo la Belhar la 1986, tamko la imani linalopinga ubaguzi wa rangi. Baadhi ya waumini wa lile la Waafrika, wakiwemo wa jimbo la Free State, walikataa na kwenda mahakamani. Mwaka 1998 Mahakama ya Rufani ikawapa haki: katiba ya kanisa lao haikubadilishwa kwa utaratibu wake. Kanisa la wazungu lililoyazaa yote mawili bado liko peke yake.

Ndiyo maana nawaambia waanze na kazi, jina litafuata. Wafungue akaunti moja ya karo na bili za hospitali, yenye watia sahihi wa pande zote mbili. Mzungu mstaafu akishazoea kudaiwa risiti na mama muuza mahamri (na yeye akadai zake), hapo kila upande uitishe mkutano mkuu wake, uchague wadhamini, uandike kumbukumbu, ndipo barua iende kwa Msajili.