Ramani ya makazi ya viumbe si ramani ya hifadhi

Kila mpango wa matumizi ya ardhi unapofika vijijini huku kwetu Nyanda za Juu Kusini za Tanzania, kuanzia Rungwe na Makete hadi Mufindi na Kilolo, husikika sentensi mbili. Ya kwanza hutoka kwa wataalamu: "Hapa hakuna makazi ya viumbe adimu, tumepita hatukuona kitu." Ya pili hutoka kwa wananchi: "Wakishachora makazi ya wanyama hapa, shamba limekwenda." Wasemaji wanavutana, lakini kosa lao ni moja. Wote wawili hawajajua makazi ni nini, na mara nyingi ardhi huwa imeshagawanywa kabla mtu hajawasahihisha.

Maana yenyewe ni fupi. Makazi ya kiumbe ni pale panapokutana mambo yote anayoyahitaji ili aishi, ale, azaliane na kizazi chake kiendelee: udongo, maji, mwinuko, kivuli au jua, chakula, mahali pa kuzalia, na njia ya kuvifikia. Kuchora ramani ya makazi ni kuonyesha mambo hayo yanakutana wapi ndani ya kijiji au wilaya, ili anayegawa ardhi ajue anagawa nini. Kiumbe huitwa adimu akiwa na idadi ndogo, au akipatikana eneo dogo tu la dunia, au yote mawili.

Linaloniudhi ni jinsi neno hili linavyochanganywa na "mahali alipoonekana". Ukikutana na mtu Mwanjelwa siku ya soko, hujajua anakaa wapi. Vivyo hivyo nukta ya jipiesi, kifaa cha kusoma namba za mahali ulipo, inayosema mnyama fulani alionekana hapa saa tatu asubuhi ni habari nzuri, lakini ni habari ya kuonekana. Huenda alikuwa anapita. Huenda alikimbia moto. Na pale ambapo hapana nukta, huenda hajawahi kupita mtu anayemjua.

Tofauti hii ilijionyesha wazi kuliko popote Kihansi, kwenye mteremko wa Udzungwa upande wa mpaka wa Iringa na Morogoro. Mwaka 1996 watafiti walikuta huko chura mdogo wa rangi ya dhahabu ambaye hajapatikana penginepo duniani, anayezaa vichura hai badala ya kutaga mayai. Makazi yake yote hayakuzidi sana hekta mbili: majani na miamba iliyoloweshwa mchana na usiku na manyunyu ya maporomoko. Mwaka 2000 mtambo wa umeme ulipoanza kazi, sehemu kubwa ya maji iliingizwa kwenye handaki na manyunyu yakapungua ghafla. Bonde lilibaki palepale. Ungesimama na jipiesi ungesoma namba zilezile. Lakini mimea iliyopenda manyunyu ilianza kukauka na kuachia nafasi magugu, na hali ambayo chura aliitegemea ikawa imetoweka. Mabomba ya kunyunyizia maji yalifungwa, na kwa muda idadi yao ilipanda tena. Kisha mwaka 2003 wakaporomoka, na ugonjwa wa kuvu nao ukagundulika kati yao. Mwaka 2009 chura wa Kihansi alitangazwa kuwa ametoweka porini. Alinusurika kwa sababu vyura 499 walikuwa wamepelekwa Marekani mwaka 2000 kutunzwa na kuzalishwa, na mwaka 2012 wazao wao walianza kurudishwa bondeni.

Mtu akiniuliza makazi ni nini, namjibu kwa Kihansi, kwa kuwa pale makazi yaliondoka bila ardhi kuondoka. Ramani iliyochora bonde tu isingegundua lolote. Ilitakiwa ramani inayoonyesha manyunyu yanafika wapi na maji kiasi gani yanahitajika ili yafike. Na ilitakiwa mapema. Chura alipogunduliwa, ujenzi wa mtambo ulikuwa umeshaanza, na kila hatua iliyofuata ikawa ya kurekebisha kilichokwisha kuamuliwa, kwa gharama kubwa na mafanikio haba.

Kosa la pili la "tumepita hatukuona" ni la majira. Uwanda wa Kitulo, ambao watu wengi huuita Bustani ya Mungu, una aina zipatazo 350 za mimea, na kati yake 45 ni okidi, maua yanayoota ardhini. Nenda mwezi wa Agosti. Utakuta nyasi kavu, pengine zimeungua, na baridi ya Makete inayokula mifupa. Utaandika "nyasi". Okidi zipo chini ya miguu yako, zimejificha kama viazi vidogo udongoni zikisubiri mvua. Rudi Januari au Februari, uwanda mzima umechanua. Aliyekwenda Agosti akaandika "hakuna mimea adimu" hakusema uongo kuhusu alichokiona. Kosa lake ni kuandika "hakuna" mahali alipopaswa kuandika "sikuona, nilipita kiangazi".

Viazi hivyo vya okidi ndivyo vinavyochimbwa na kuuzwa Zambia kutengenezea chakula kiitwacho chikanda, kwa mamilioni. Wachimbaji wanayajua makazi ya okidi kuliko wengi wetu wenye vyeti. Wanajua aina ipi hupenda bonde lenye majimaji, ipi hupenda mteremko wenye mawe, na ipi haipatikani tena mahali ilipokuwa tele. Timu ya wilaya inayokwenda kijijini bila kuketi na watu hao, na wachungaji, na warina asali, na waganga wa tiba asili, inaacha nusu ya ramani mlangoni. Hata kipunji, kima wa misitu ya milimani, alijulikana hivyo. Wawindaji wa Kinyakyusa walikuwa na jina lake na habari zake kabla mtafiti yeyote hajamwona. Masimulizi yao ndiyo yaliyowapeleka watafiti kwenye misitu ya Mlima Rungwe mwaka 2003. Mwaka uliofuata akaonekana pia Ndundulu, katika milima ya Udzungwa, kilomita zipatazo 350 kutoka Rungwe, na mwaka 2005 dunia ikatangaziwa kima mpya. Makadirio yaliyochapishwa 2008 yalitaja kipunji 1,117 tu.

Kipunji anafundisha jambo jingine la makazi: njia. Anaishi juu ya miti, na msitu wa Mlima Rungwe umeunganishwa na ule wa Livingstone, upande wa Kitulo, kwa ushoroba mwembamba wa Bujingijila. Msitu pale umekatwa sana. Ukiweka nukta mahali kipunji alipoonekana, Bujingijila inaweza kubaki bila nukta hata moja. Mpangaji ataiona kuwa ardhi iliyochakaa, inayofaa viazi au paini. Ukichora mahitaji yake, yaani miti inayogusana matawi ili akutane na wenzake wa upande wa pili, Bujingijila inakuwa mahali pa thamani kubwa kwenye ramani yote. Ni ardhi ileile, mti kwa mti. Kilichobadilika ni swali uliloliuliza.

Nyasi nazo zinaonewa. Huku kwetu neno "msitu" lina heshima, "nyasi tu" halina. Katika mipango mingi niliyoiona, nyika ya milimani huandikwa eneo la wazi, halafu ndilo la kwanza kugawiwa kwa wapanda paini na milingoti (mikaratusi). Mbayuwayu buluu, ndege aliye hatarini, huja kuzaliana kwenye nyika hizo msimu wa mvua. Hujenga ndani ya mashimo ya ardhini, yakiwemo yaliyochimbwa na muhanga, na huwinda wadudu angani juu ya nyasi na majimaji. Kisha huondoka kwenda upande wa Uganda na Kenya. Panda paini juu ya nyika ile, umepanda miti na umeondoa makazi yake, hata kama kwa macho ya wengi umehifadhi mazingira. Silaumu anayetaka mbao; paini imesomesha watoto wengi Makete na Mufindi. Nasema mteremko wa kupandia ungeweza kuchaguliwa baada ya nyika kuchunguzwa, si kabla. Tena nyika ya malisho ikiendelea kuwa malisho ya kadiri, mfugaji na ndege wanaweza kuitumia wote. Hilo halihitaji kigingi wala askari.

Hapo ndipo nafika kwa sentensi ya pili, ile ya wananchi, na naiheshimu. Hofu yao ina chanzo. Watu wa Mbarali wanakumbuka wafugaji walivyoondolewa Usangu na Ihefu kuanzia 2006, na pori la akiba la Usangu likaunganishwa na Hifadhi ya Taifa ya Ruaha mwaka 2008. Aliyeshuhudia hayo akisikia "tunachora makazi ya wanyama" ana haki ya kuuliza.

Jibu lake ni hili. Hifadhi ni tamko la sheria: lina mpaka, lina msimamizi, lina makatazo. Kitulo ilitangazwa hifadhi ya taifa mwaka 2005, na Mlima Rungwe ukawa hifadhi ya mazingira asilia mwaka 2009. Makazi hayatangazwi na mtu. Okidi walikuwapo Kitulo kabla ya tangazo, na wapo nje ya mpaka wake leo, kwenye mashamba na malisho ya watu. Ramani ya makazi peke yake haimhamishi mtu na haimnyang'anyi mtu shamba, kwa kuwa ni maelezo ya hali ya ardhi, kama zilivyo ramani ya udongo na ramani ya mvua. Uamuzi wa matumizi unakuja baadaye. Kwa ardhi ya kijiji, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inampa dhamana halmashauri ya kijiji, na mpango wenyewe hupelekwa mbele ya mkutano mkuu wa kijiji. Kijiji kikitaka msitu wake wa hifadhi, Sheria ya Misitu ya 2002 inakiruhusu kuutenga chenyewe. Kikitaka malisho yabaki malisho, pareto ibaki pareto, na vinyungu, yaani bustani za mabondeni, visogee kutoka kingo za mto, ambako Sheria ya Mazingira ya 2004 imeshaweka mita 60, hayo nayo ni maamuzi yanayowezekana juu ya ramani ileile.

Kutokuwa na ramani hakumlindi mwenye shamba. Viumbe hawaondoki kwa sababu hawakuandikwa. Hujulikana baadaye, mradi umeshafika, na wakati huo kijiji kina machaguo machache zaidi.

Kuna na ukubwa wa picha. Ramani nyingi za viumbe adimu zinazotoka nje ya nchi zimetengenezwa kuonyesha hali ya kiumbe duniani kote, na kipimo kinachotumika sana ni miraba ya kilomita mbili kwa mbili. Mraba mmoja ni hekta 400. Ndani yake makazi yote ya chura wa Kihansi yangeingia karibu mara 200. Kwa kazi ya dunia mraba huo unatosha. Ukiuleta kwenye mkutano wa kitongoji na kusema mraba mzima ni makazi, umewaambia watu uongo na umewatia hofu bure, kwa sababu ndani yake mna shule, mashamba ya mahindi na barabara. Ramani ya kijiji inapaswa kushuka hadi bonde hili na kichuguu kile. Picha ya setilaiti inasaidia kuanza, mistari ya mwinuko inasaidia kukisia, kisha lazima watu watembee kwa miguu, katika majira ya mvua na ya kiangazi, wakiwa na wenyeji.

Lakini si kila kitu kinachopimwa kibandikwe ukutani ofisini. Namba kamili za mahali penye okidi wa chikanda ni ramani ya hazina kwa mchimbaji. Wilaya ibaki nazo, na kwenye ramani ya wazi eneo lionyeshwe kwa upana.

Kwa hiyo ndugu mtaalamu, pale ulipozoea kuandika "hakuna makazi ya viumbe adimu", andika uliangalia kiumbe gani, mwezi gani, ulitembea na nani, na mahitaji gani uliyakuta au kuyakosa. Ni mistari minne tu ndani ya taarifa. Nawe mzee wangu unayeogopa shamba kwenda, ramani ikiletwa mkutanoni usiikatae kwa jina lake. Uliza inaonyesha mahitaji ya kiumbe yupi, imefikaje kwenye kipande chako, na mapendekezo ya matumizi yatapigiwa kura lini. Na kwa kuwa katika ufunguo wa ramani za vijiji "makazi" tayari ni nyumba za watu, ombeni wote kwamba safu hii ya ramani iandikwe kwa ukamilifu wake, "makazi ya viumbe", na iwekwe mezani kabla rangi za matumizi hazijaanza kupakwa.