Skrini inasema Fixed. Jiwe je?

Tunapopima mawe ya mpaka wa viwanja kwa setilaiti, kontrola, yaani kifaa cha mkononi chenye skrini, ikiandika Fixed, vijana wengi wa saiti hubonyeza kuhifadhi na kusogea kwenye jiwe linalofuata. Neno hilo linathibitisha jambo moja tu: rova, risiva inayotembea juu ya fimbo, imepata idadi kamili ya mawimbi kati yake na setilaiti, kwa hiyo inajua iko umbali gani na upande gani kutoka kwenye besi, risiva iliyosimama mahali pamoja, kwa usahihi wa sentimita moja au mbili. Besi ikipewa koordineti za uongo, rova itaurithi uongo huo wote. Fimbo ikiinama, haijui. Ukikosea datamu, yaani msingi ambao koordineti zinahesabiwa juu yake, haijui pia.

Naanza na besi kwa sababu kosa lake huingia kwenye kila jiwe la siku hiyo. Isimike juu ya alama ya udhibiti yenye koordineti rasmi, mbali na paa la bati na miembe, anga ikiwa wazi kuanzia nyuzi 10 au 15 juu ya upeo wa macho. Kanyaga miguu ya tripodi mpaka izame vizuri. Kwenye udongo mweusi wa mfinyanzi au mchanga wa pwani, rudi uangalie pimamaji na timazi baada ya nusu saa, maana mguu mmoja hushuka taratibu bila mtu kuona.

Kimo cha antena ndicho kinachoharibu kazi nyingi kuliko kitu kingine chochote. Pima kwa futi kamba kutoka kwenye alama hadi ukingo wa antena, pande tatu. Vipimo vikipishana zaidi ya milimita 2, sawazisha upya. Hicho ni kipimo cha mshazari. Kikiwa mita 1.500 na nusu kipenyo cha antena ni mita 0.090, kimo cha wima hadi usawa wa ukingo huo ni mita 1.497. Kontrola hupiga hesabu hiyo yenyewe, mradi umeiambia ni mshazari na umechagua modeli sahihi ya antena. Hatari kubwa iko kwenye mahali kipimo kinapoishia: ukingoni, kitakoni, au kwenye kitovu cha fezi, pale mawimbi yanapopokelewa ndani ya antena. Ukichanganya, vimo vyote vya siku vinapotea kwa sentimita kadhaa, na hakuna taa nyekundu itakayowaka. Ndiyo maana nasisitiza mchoro daftarini: antena, mstari wa futi kamba, na namba. Mchoro wa sekunde 10 humaliza ubishi wa wiki nzima ofisini.

Kile kitufe kinachoiambia besi ijipe yenyewe koordineti za pale ilipo kina kazi yake, lakini si ya kuweka mawe ya mpaka. Besi ikijikadiria bila masahihisho hukosea kwa mita moja hadi kadhaa. Kazi nzima husogea pamoja, umbali kati ya mawe yako unabaki sahihi, na kila kitu kinapendeza mpaka ramani iunganishwe na viwanja vya jirani.

Kuhusu datamu, ramani nyingi za upimaji za zamani Tanzania na Kenya ziko kwenye Arc 1960, iliyojengwa juu ya elipsoidi (umbo la dunia la kihesabu) ya Clarke 1880, wakati setilaiti zinafanya kazi kwenye datamu ya WGS 84. Ukizichanganya, jiwe linaruka karibu mita 300 kaskazini-kusini na mita 90 hivi mashariki-magharibi. Kosa hilo ni kubwa mno, linajitangaza lenyewe. Baya zaidi ni dogo. Programu nyingi zina seti zaidi ya moja ya namba, kwa mita, za kubadili kutoka Arc 1960 kwenda WGS 84: ya wastani (-160, -6, -302), ya Kenya (-157, -2, -299) na ya Tanzania (-175, -23, -303). Kutumia seti ya wastani mahali pa ile ya Tanzania kunasogeza jiwe mita 4 hadi 5 upande wa mashariki-magharibi. Kwenye simu hutaona tofauti, kwenye kiwanja cha mita 20 ni ugomvi. Na hakuna hata moja kati ya seti hizo iliyo na usahihi wa kutosha kwa hati. Tembelea alama nne au zaidi zinazozunguka eneo lako, kisha ulinganishe mfumo wa kontrola nazo papo hapo. Masalio, yaani tofauti inayobaki baada ya kulinganisha, yakizidi sentimita 3 kwenye alama moja, usiifute haraka. Huenda ndiyo sahihi na jirani yake ilishagongwa na greda. Cheti cha alama mpya nacho kisome juu kabisa: kikisema TAREF11, datamu mpya ya Tanzania, koordineti zake haziingii kwenye kazi ya Arc 1960 bila kubadilishwa.

Mkanganyiko mwingine huzuka mteja anapovuta futi kamba. UTM, mfumo wa kuichora dunia kwenye karatasi bapa kwa kanda, haitoi umbali wa ardhini. Dar es Salaam iko karibu kabisa na meridiani ya kati ya kanda ya 37, kwa hiyo kilomita moja ya ardhini husomeka pungufu kwa sentimita 39 hivi. Dodoma, iliyo ukingoni mwa kanda ya 36 na zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari, ni kinyume: kilomita hiyohiyo husomeka imezidi kwa sentimita 55 hivi. Kwa upande wa kiwanja wenye mita 30 ni milimita 12 au 16, haijalishi. Kwa barabara au bomba, andika kipeo cha mizani, namba ya kugeuza umbali wa ramani kuwa wa ardhini, kwenye ramani.

Fimbo ya mita 2 ikiinama nyuzi 1, ncha ya chini inakosea milimita 35. Jaribu pimamaji yake kila asubuhi: isimamishe kwa miguu miwili ya kushikilia, izungushe nusu duara, na kipovu kikihama, rekebisha skrubu kwa nusu ya umbali kiliohama.

Kwenye bati na majani mengi mawimbi hudunda kabla ya kufika, na hapo ndipo Fixed ya uongo huzaliwa. Dawa ni kupima mara mbili: hifadhi sekunde 30 hadi 60, vunja kufunga (ile Fixed ipotee), acha ipite angalau nusu saa ili setilaiti zibadilike, kisha pima tena. Tofauti ikizidi sentimita 3, weka alama mbili za muda mahali peupe na umalizie kwa totali stesheni, kifaa kinachopima pembe na umbali bila setilaiti. Hakuna aibu.

Halafu kuna mchana wetu. Ikweta ya sumaku inapita Ethiopia, na maeneo yaliyo nyuzi 15 hivi kila upande wake ndiyo yenye elektroni nyingi angani zinazovuruga mawimbi ya setilaiti, Tanzania imo. Kilele ni takriban saa nane hadi saa kumi alasiri, na baada ya magharibi, hasa miezi ya Machi na Septemba, mawimbi hutetemeka. Rova iliyo kilomita 2 kutoka besi haitasumbuka sana. Ya kilomita 15 itachelewa kufunga au itafunga vibaya. Mistari mirefu ifanye asubuhi.

Vimo: ufukweni Dar es Salaam risiva huonyesha kimo cha mita hasi ishirini na kitu. Haijaharibika, inapima kutoka kwenye elipsoidi, ambayo hapo iko juu ya bahari. Pakia modeli ya jeoidi (usawa wa bahari) kama EGM2008, kisha ujipime kwenye alama ya kimo iliyo karibu.

Mwisho, washa kurekodi data ghafi kwenye besi kila siku, hata kama hudhani utaihitaji. Saa 2 au zaidi zikibadilishwa kuwa RINEX, muundo wa faili unaosomeka na programu nyingi, unaweza kuzituma kwa huduma za bure za mtandaoni za kukokotoa koordineti kama AUSPOS au CSRS-PPP. Majibu hurudi kwenye ITRF, mfumo wa dunia nzima, si Arc 1960. Ikigundulika besi ilipewa koordineti mbaya, tofauti hiyo moja inajumlishwa kwenye mawe yote bila kurudi saiti.